Mama Wiki Sita na Kadi ya Visanduku Arobaini na Viwili

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili kazini, fundi mkuu wa usikivu wa kituo chetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Shughuli ya kumuaga itafanyika saa nane mchana kwenye ukumbi wa kungojea. Chumba chake mwenyewe, Chumba Namba Tatu, hakitufai, kwa kuwa kinaenea watu watatu tu: fundi, mgonjwa, na mtu wa mgonjwa. Huyo wa tatu ana habari yake, na tutaifikia.

Kwa kawaida wasifu kama huu husomwa kwa sauti siku ya sherehe. Safari hii tumeuchapa kwenye jarida letu, kwa sababu itakayoeleweka mbele. Mwenyewe ameusoma na kuruhusu kila kilichomo, isipokuwa sentensi moja ya kumsifu, ambayo aliifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba haina ushahidi.

Jina lake liko mlangoni na kwenye barua za utawala. Wagonjwa hawalitumii, nasi tumeliacha siku nyingi. Ni Mama Wiki Sita. Kila aliyevishwa kifaa cha kusikia kwa mara ya kwanza alitoka na furaha asubuhi, akarudi kesho yake amenuna. Karatasi zinalia kama moto wa kuni kavu. Meno yake mwenyewe yanatwanga. Sauti yake mwenyewe ni ya mtu mwingine, tena mtu asiyempenda. Mama Wiki Sita alisikiliza yote bila kukatiza, kisha akatoa kwenye mtoto wa meza kadi ngumu yenye visanduku arobaini na viwili, safu sita za visanduku saba. Kila siku utie alama kisanduku kimoja, akaagiza, na kifaa kisitoke sikioni isipokuwa kuoga na kulala. Kadi ikijaa, rudi tuongee.

Alikuja hapa akiwa binti wa miaka ishirini na sita, kutoka kibanda cha baba yake cha kutengeneza redio. Ndiyo maana mkono wake ulikuwa mwepesi na bisibisi ndogo kuliko wa sisi sote. Alikuwa amezoea kuzungusha kitufe unywele mmoja tu na kumfanya msomaji wa habari atoke kwenye mchanga. Vifaa vya siku hizo vilikuwa visanduku vya ukubwa wa kiberiti kikubwa, vikikaa kwenye mfuko wa shati, waya ukipanda hadi sikioni. Yeye ndiye aliyeona jambo ambalo hakuna kitabu chetu kilicholitaja: mwenye kisanduku kifuani alianza kusikia kwa kifua. Ukimwita, hageuzi uso, anakugeuzia vifungo vya shati. Wanandoa wazee walizungumza wakiwa wamekabiliana kifua kwa kifua kama watu wanaopimana urefu. Na vilipofika vifaa vya kukaa nyuma ya sikio, watu wale waliendelea kugeuza vifua kwa miezi mingi, ingawa mfukoni hamkuwa tena na kitu ila kalamu.

Kutokana na hayo alipata msemo wake. Mpokezi wetu wa zamani alikuwa amebandika ukutani ile methali ya sikio la kufa, akidhani ni mzaha mzuri kwa wagonjwa wasiofuata maagizo. Mama Wiki Sita aliibandua na kubandika nyingine: Sikio halipiti kichwa. Maana yake kwake haikuwa ile ya heshima kwa wakubwa. Alitaka kusema kwamba sikio ni mlango tu, mwenye nyumba yumo ndani, na mwenye nyumba huyo akizoea mlango mpya atabadilisha hata anavyokaa.

Vichekesho havikukosekana. Dereva mmoja wa lori alivishwa Jumatatu, na Jumanne akalikimbiza lori kwa makenika: gari lilikuwa limeanza kusaga meno. Makenika alifungua kila kilichofunguka. Gari lilikuwa likisaga meno miaka minne. Mwalimu mmoja mstaafu aligundua kuwa wifi yake hupumua kama mtu anayepuliza chai, akawa anazima kifaa kila wifi akibisha hodi, na akaomba apewe cheti kinachosema kuwa vifaa vya aina ile huchoka ifikapo saa kumi jioni. Hakupewa. Ndugu wawili waliamua kutumia kifaa kimoja, mkubwa asubuhi na mdogo jioni, kila mmoja akimshutumu mwenzake kuwa anakirudisha kimeharibika. Kifaa kilikuwa kimerekebishwa kwa chati ya usikivu ya mkubwa. Mdogo alikuwa akisikia dunia kwa sikio la kaka yake. Mama Wiki Sita aliwaeleza hivyo, na mdogo akasema sasa anaelewa kwa nini kaka yake ni mkali vile.

Sasa tuje kwa seremala.

Ilikuwa mwaka wake wa saba hapa. Seremala yule alikuwa mzee mrefu, masikio yameliwa na misumeno ya miaka arobaini. Alikuja peke yake kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mama Wiki Sita alimpima, akamketisha kwenye kibanda chenye kuta za sponji, akamsomea ile orodha yake ya maneno kumi: sindano, sufuria, kifungo, chumvi, na mengineyo, akizungusha bisibisi huku akisoma, mpaka mzee akainua kidole kwamba hapo hapo, usiguse. Ndivyo sote tulivyofanya kazi. Chati inakupeleka karibu, sauti inakufikisha. Na sauti iliyokuwapo chumbani ilikuwa ya fundi.

Mzee alirudi baada ya siku tatu.

"Wewe nakusikia vizuri, mwanangu," alisema. "Mke wangu ndiye ananifikia kama mtu anayesemea ndani ya kopo. Siyo yeye."

Alimpa kadi. Alimwambia ni yeye, ila kichwa bado hakijamzoea; avumilie wiki sita. Mzee alishukuru, akaiweka kadi kwenye mfuko wa shati, pale pale ambapo wengine walikuwa wakiweka vile visanduku.

Siku ya arobaini na mbili alifika saa mbili asubuhi, wa kwanza kwenye benchi. Aliweka kifaa mezani, na kadi juu yake. Visanduku ishirini na sita vilikuwa na alama, kumi na sita vilikuwa vitupu. Mkewe alikuwa amefariki usiku wa siku ya ishirini na sita. Mpokezi aliyekuwa mlangoni anasema mzee hakupandisha sauti hata kidogo.

"Alinisemesha sana siku zile za mwisho, maana alifurahi kwamba sasa nasikia," alisema. "Maneno yote niliyapata. Lakini ya mwisho yote niliyapokea kwa sauti ya kopo, na hii ndiyo niliyobaki nayo."

Alipoondoka, Mama Wiki Sita hakumwita mgonjwa aliyefuata. Alichukua kifaa cha mzee, akakichomeka kwenye mpira wa kusikilizia ambao tunakagulia vifaa kila asubuhi, akaweka ncha masikioni mwake, akaanza kujisomea orodha. Sauti yake ilimjia imejaa, ya mviringo, kama ndani ya mtungi. Kisha akamwita mama anayefagia ukumbi, mwanamke mwenye sauti nyembamba, akamwomba asome maneno yale yale. Sindano, sufuria, kifungo, chumvi. Yalikuja kama anayakwangua kwenye bati.

Kosa lile lisingeweza kufanywa na watu wengine duniani ila sisi. Kwa miaka saba tulikuwa tumefungua masikio ya watu mia nne na kumi na wawili, na yote tulikuwa tumeyafungua kwa ufunguo mmoja, sauti ya mwanamke mmoja tulivu anayesoma orodha umbali wa hatua moja, ndani ya sponji. Watu mia nne walikuwa wakienda nyumbani wanamsikia fundi wao vizuri kuliko waume zao. Na kila aliyelalamika alipewa kadi. Ikijaa, wengi walisema wamezoea, nasi tukaandika kwenye faili kwamba wamepona.

Aliwaita wote warudi. Ilimchukua miezi minne, kwa barua na kwa kutuma watu, na kila barua ilikuwa na agizo moja lililoandikwa kwa mkono wake: uje na mtu wako. Si mtu wa kukusindikiza. Mtu ambaye sauti yake ukiikosa umekosa. Kiti cha tatu kiliingizwa chumbani wakati huo na hakijatoka hadi leo. Mtu wako anaketi pale, anaongea atakalo, na fundi anazungusha bisibisi kwa kufuata uso wako, akiwa amefunga mdomo.

Waliletwa wake, waume, mabinti, wakwe, na pacha mmoja. Kahaba mmoja mstaafu, kama alivyojitambulisha mwenyewe kwa fahari, alimleta rafiki yake wa miaka thelathini, wakacheka mpaka chombo cha kupimia kikatoka kwenye kipimo. Watu kumi na mmoja walileta majirani. Mwanamume mmoja alimleta mtu ambaye mkewe hakumjua, na jambo lile halikuishia Chumba Namba Tatu.

Seremala alirudisha barua. Nyuma yake aliandika kwa penseli ya kazi kwamba anashukuru kwa kukumbukwa, ila hana mtu wa kuja naye. Mama Wiki Sita alikwenda kwake mara mbili. Alipokewa kwa heshima, akapewa kigoda kizuri, wakawasiliana kwa karatasi. Mzee alikataa kuvaa kifaa tena. Alieleza kwamba akiwa kwenye kimya, na akikaa sana, mkewe humjia kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya misumeno. Akivaa kile, anakuja wa kopo. Hakumlaumu mtu. Kadi yake iko chini ya kioo cha meza ya Mama Wiki Sita, na aliyewahi kuketi upande wa mgonjwa ameiona, pengine bila kujua ni ya nini.

Tangu hapo alibaki na jina lile lile, lakini hakutoa tena kadi kwa wepesi. Alianza kuwauliza wagonjwa maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Mkunga mmoja, aliyevaa vifaa mwaka mzima bila shida yoyote, alimjibu jambo ambalo Mama Wiki Sita alilinakili kwenye daftari lake. Dada yake mkunga alikuwa marehemu miaka ishirini. Zamani alipomwota, alimsikia kwa sauti yake. Sasa hata ndotoni anaongea kwa sauti ya kifaa, ingawa alikufa kabla kifaa hakijatengenezwa.

Chini ya maneno hayo aliandika: Mwenye nyumba amebadilisha hata picha za ukutani.

Sifa zake za kikazi ziko kwenye faili na tunazitaja kwa ufupi. Alifundisha mafundi kumi na tisa. Alipigania shule za jirani zipimwe kila mwaka, na zinapimwa. Alipata hati tatu za utumishi uliotukuka, ambazo mbili zinazuia upepo kwenye dirisha lake bovu. Kiti cha tatu sasa kiko katika vituo sita vingine, na hakuna hata kimoja kinachokumbuka kilitoka wapi, jambo ambalo halijamsumbua.

Miaka minne iliyopita vilikuja vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe. Havihitaji bisibisi. Mgonjwa anashika simu yake, anagusa kioo mara tano, na kifaa kinaanza kujifunza. Ni vifaa vizuri, na wasifu huu si mahali pa kuvisema. Vinamchagua anayeongea mbele yako na kuwashusha wengine wote. Vinajua jiko, vinajua barabara, vinajua kelele. Lakini Mama Wiki Sita alikuwa anasimama dirishani akiwatazama wenye navyo wakitoka getini. Alituonyesha kwamba wameacha kugeuka. Zamani mtu akiitwa kwa nyuma aligeuza kichwa, au hata kifua. Hawa kilicho nyuma yao hakipo.

Mshonaji mmoja alimweleza kuwa mama yake, mlemavu wa miguu, alimwita kutoka chumba cha pili tangu alasiri mpaka jua likaingia, kwa ile sauti yake ndogo, na kifaa kikaiweka pamoja na feni na cherehani. Mama alianguka akijaribu kujifikisha mwenyewe kwenye maji. Mama Wiki Sita aliandika barua kwa utawala. Alijibiwa kwa adabu kwamba mpangilio wa kuchagua sauti unaweza kuzimwa na mtumiaji. Ni kweli. Mshonaji hakujua kama upo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa kuna mtu mwingine anayemchagulia cha kusikia.

Nafasi yake haitajazwa. Chumba Namba Tatu kitakuwa ghala la betri.

Sasa tumefika kwenye sababu ya wasifu huu kuchapwa.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja, kifaa kilichoachwa mezani kilikuwa kikipiga mluzi, ule mluzi mwembamba unaotoboa. Mpokezi aliziba masikio. Mimi niliyekuwa kwenye meza yangu ya kufinyanga vizibo vya kushikilia vifaa masikioni nilikunja uso. Mama Wiki Sita alikuwa amekichukua mkononi, anakifuta kwa kitambaa, anatuuliza mbona tumekunja nyuso. Alituangalia, akakiangalia kifaa, akakizima. Baadaye aliniomba nimchukulie umbo la masikio yake yote mawili. Nikayaweka maumbo hayo kwenye mkebe wenye jina lake, na hakuuliza habari zake tena.

Ndipo tulipoelewa mambo mengine. Ile taa aliyoihamisha ili imulike uso wa mgonjwa, tukadhani ni ustadi mpya. Tabia yake ya kurudia swali kabla ya kulijibu, tukadhani ni hekima. Kwa muda ambao hatuujui, fundi mkuu wa usikivu alikuwa akisoma midomo.

Si jambo la aibu. Ni umri, na umri huanza kula sauti za juu, za ndege, za mluzi, za watoto. Angeweza kuvaa kifaa asubuhi ile ile. Hakuvaa, na hakutueleza kwa nini mpaka mwezi uliopita, aliposema kwamba wagonjwa wamemwambia siri za namna hii miaka yote na sasa ni zamu yake, kwa hiyo iandikwe.

Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Alikuwa na sauti nzito kidogo, inayokwaruza mwisho wa sentensi, na alipofika nyumbani jioni hakubisha hodi wala hakuita. Alikohoa mara moja getini, na nyumba ikajua. Mama Wiki Sita ana kanda za sauti za wagonjwa kabati zima. Ya mumewe hana hata moja; nani angerekodi kikohozi? Anayo kichwani tu, na kichwani iko sawasawa, imesikiwa kwa masikio yake mazima. Alimkumbuka mkunga na dada yake. Alimkumbuka seremala. Alijua, kuliko mtu yeyote katika jengo hili, kwamba wiki sita zinafanya kazi kweli, na hilo ndilo lililomtia hofu. Sisi tulio mbali na kwetu, ambao mama zetu wanatuita vichwani tu, hatukumwona mjinga.

Lakini ana mjukuu, binti wa miaka mitano, ambaye anaishi naye nyumba moja na ambaye bibi yake alikuwa hajawahi kumsikia sawasawa. Alikuwa akimwona tu. Mtoto mwanzoni alimvuta kanga, kisha akajifunza kuonyesha kwa kidole, kisha akaacha. Mama yake mtoto alipomuuliza kwa nini habari za shule anampelekea jirani badala ya bibi yake, alijibu bila kinyongo.

"Ukimwambia kitu Bibi, anatabasamu tu."

Binti yake, yaani huyo mama wa mtoto, alimwandikia maneno hayo kwenye karatasi, akaiacha kwenye meza ya kulia. Alhamisi iliyofuata Mama Wiki Sita alikuja mezani kwangu akaomba mkebe wake. Maumbo yalikuwa hayafai tena. Sikio huendelea kukua mtu akizeeka, nalo halingoji. Nikamfinyangia mapya.

Jumamosi iliyopita, kituo kikiwa kimefungwa, aliketi kwa mara ya kwanza upande wa mgonjwa. Alikataa vifaa vipya. Alichagua vya zamani, vya bisibisi, viwili vya mwisho kwenye kabati. Bisibisi ilishikwa na mpokezi wetu, ambaye ameisikia kazi hii kupitia mlangoni kwa miaka ishirini na saba na anaijua kuliko anavyokubali. Kiti cha tatu alikikalia mjukuu, miguu haifiki chini.

Mtoto alikataa kusoma orodha. Alikataa kuimba, kuhesabu, na kumsalimia mtu. Alitazama ile sponji ya ukutani iliyochongoka chongoka kwa muda mrefu, huku bibi yake akimtazama mdomo, na mpokezi akishikilia bisibisi hewani.

"Bibi," alisema mwishowe, "mbona ukuta una meno?"

Kutoka mlangoni nilipokuwa nimesimama, nilimwona Mama Wiki Sita akishtuka. Hakuwa akitazama mdomo. Wakati ule mtoto alikuwa ameugeukia ukuta.

"Yanatafuna kelele," alimjibu.

Mtoto akageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuuliza kitu na kujibiwa hicho hicho na bibi yake. Aliuliza kama yanauma. Aliuliza yanalala saa ngapi. Kisha alifunguka kama mfereji, jirani, shule, mwenzake aliyemeza kifutio, kuku aliyepotea, yote ya mwaka mzima, na mpokezi akafanya kazi yake kwa haraka akifuata uso wa mgonjwa, kama alivyofundishwa. Ilichukua dakika arobaini. Mama Wiki Sita alijibu kila kitu.

Mtoto alipotoka kwenda kunywa maji, Mama Wiki Sita alitugeukia. Uso wake haukuwa wa furaha, na sitaki kuwadanganya wasomaji wa jarida hili.

"Ni kopo," alisema. "Kopo tupu. Mzee wa watu hakukosea hata neno."

Mkono wake ulikwenda sikioni, tukadhani anakitoa kifaa. Alikisukuma kizibo kikae vizuri, akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi mpya, akatia alama kisanduku cha kwanza.

Hatukumuuliza habari ya ile sauti nyingine. Jumatatu alitueleza mwenyewe, akipanga faili zake. Bado ipo. Kila asubuhi kabla ya kuvaa vifaa anakaa ukingoni mwa kitanda na kulisikiliza geti. Kikohozi kikija, anavaa. Siku kisipokuja, alisema, atavaa vilevile, kwa sababu mtoto anaamka saa kumi na mbili na ana mengi ya kusema.

Kwa hiyo, wenzangu, Ijumaa itakuwa kisanduku chake cha saba. Tunaombwa yafuatayo. Tusipige makofi, kwake bado ni kuni kavu. Hotuba zisiwepo, na kipaza sauti kimerudishwa ghalani. Kila mmoja amwendee kwa mbele, peke yake, aseme lake kwa sauti yake ya kawaida. Tumemjua miaka mingi na yeye hajatusikia kwa miaka kadhaa. Atatusikia sote kama wageni, wengine kama makopo, na atavumilia. Asiyejua la kusema asome orodha: sindano, sufuria, kifungo, chumvi. Ataelewa.

Kiti cha tatu hakitakwenda ghalani pamoja na betri. Utawala umekubali akichukue nyumbani, kwa kuwa hakimo kwenye orodha ya mali. Hakikuwahi kuandikwa popote. Kadi ya seremala ataibeba na kioo chake.

Mama Wiki Sita, kwa niaba ya watu ambao ulifunga mdomo wako ili wawasikie watu wao, asante. Kadi yako itajaa tarehe 2 Agosti. Usije kuturudishia, hapatakuwa na fundi wa kuipokea. Tunakutakia wiki sita njema, na geti lisinyamaze, kisha maisha mema yote yatakayofuata.